Kipa Aliyefunga Mdomo

Jumapili ile, saa tisa alasiri, nilihesabu vichwa mara mbili, na mara zote mbili vilipungua vinne.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Rovers, timu ya soka, waliniajiri mwaka wa korona, ligi iliporudi bila watazamaji na kila timu ikafungiwa hotelini hapa Gauteng, Afrika Kusini, mpaka mechi ziishe. Kabla ya hapo nilikuwa muuguzi wa wodi kwa miaka kumi na minane, ndiyo maana wachezaji waliniita Sista Kene. Nilipima joto asubuhi na jioni, nikasogeza viti vya chakula mita moja na nusu, nikakemea barakoa zilizoning'inia kidevuni. Hakuna kutoka: hiyo ndiyo sheria iliyobandikwa kwenye lifti. Ligi iliiita kambi salama. Vijana waliiita Gereza, na nikiwapa mgongo waliniita Mkuu wa Gereza. Walisahau kwamba mkuu naye halali kwake.

Hoteli ilikuwa ile ya karibu na uwanja wa ndege, ya wasafiri wa kulala mara moja na kuondoka. Madirisha yake yalifunguka kiasi cha kupitisha mkono tu. Sisi tulikuwa humo siku ya thelathini na moja. Mechi mbili zilibaki, na Rovers tulihitaji pointi moja tu tusishuke daraja.

Watatu kati ya wale wanne hawakunishangaza. Thapelo, winga, miguu yake haikujua kukaa. Wandile, kipa wa akiba, alikwenda popote Thapelo alipokwenda. Na Lesego, kiungo, alikwenda popote penye nyama choma. Aliyenishangaza ni wa nne, Sakhumuzi Mchunu, kipa namba moja. Huyu alikuwa akikunja barakoa iliyotumika kabla ya kuitupa.

Baba yake alikufa wiki tatu kabla, kwa ugonjwa huohuo, katika hospitali iliyo kilomita ishirini kutoka hapa. Sakhumuzi hakwenda kuzika. Mzee alifungwa kwenye plastiki, mdogo wake akamsafirisha mpaka kwao Msinga, KwaZulu, na mwanawe akatazama mazishi kwenye simu, amekaa chooni kwa sababu mtandao ulishika vizuri huko. Kesho yake alidaka penalti. Magazeti yalimsifu kwa moyo wa chuma. Mimi nilimsikia akitapika.

Saa kumi wale watatu wakaingia kwa mlango wa jikoni. Nilikuwa nimesimama palepale.

"Mnatoka wapi?"

"Sista, usitupigie kelele, tuna msiba," Thapelo alisema huku akivua kofia.

"Msiba wa nani?"

"Wa Msinga." Ndivyo walivyomwita Sakhumuzi. "Tumemsindikiza hospitali kuchukua roho ya baba yake. Si unajua Wazulu, jambo kama lile mtu haendi peke yake."

Wandile aliangalia viatu vyake. Vilikuwa vipya, vyeupe.

"Na mwenyewe yuko wapi?"

"Anakuja. Amebeba tawi, haruhusiwi kuongea na mtu. Ndiyo maana tumetangulia kukwambia."

"Na harufu hii?"

"Kitakasa mikono, Sista. Si ulisema tupake kila saa?"

Sikuamini habari ya kitakasa mikono. Habari ya tawi niliiamini. Mimi ni Mtswana, lakini wodini niliwaona Wazulu miaka yote hiyo. Mtu akifia mbali na kwao, roho yake hubaki pale ilipotokea mpaka mtu wa damu yake aje na tawi la mkunazi mwitu. Husimama kando ya kitanda, humwita marehemu kwa jina la sifa la ukoo, humwambia twende nyumbani. Kuanzia hapo hana mdomo kwa walio hai. Huongea na yule aliyembeba tu: hapa kuna mlango, hapa ngazi, hapa tunapanda gari, huu ni mto, tunavuka. Akijibu hata salamu ya mtu mwingine, marehemu huachwa palepale neno lilipoangukia, awe njiani, awe stendi. Nilikuwa nikiwafungia pazia na kuwanyamazisha wafagiaji.

Basi niliandika kitabuni: wanne, shughuli ya msiba, nikamtumia mwenyekiti wa klabu picha ya ukurasa kama kila siku. Nikasema nitawagombeza kesho.

Saa kumi na moja video ikaingia kwenye simu yangu, na kwenye simu ya kila mtu nchini. Thapelo yuko juu ya meza huko Tembisa, upawa mkononi kama kipaza sauti. Watu hamsini, barakoa hakuna. Viatu vyeupe vya Wandile vinaruka kando ya keki yenye namba thelathini. Nyuma yao anacheza mtu mrefu aliyejifunika kofia ya sweta, uso hauonekani. Haikupita nusu saa, nchi nzima ilikuwa imeamua kwamba yule mrefu ni Sakhumuzi Mchunu.

Hapo ndipo gari lake dogo lilipoingia getini.

Alishuka, akazunguka, akafungua mlango wa abiria, akasubiri kidogo, kama unavyomsubiri mzee mwenye magoti mabovu. Kisha akaufunga taratibu. Tawi alilishika kwa mikono miwili, na miiba ilikuwa imeshamchoma vidole.

"Sakhumuzi," nilisema.

Alinitazama. Macho mekundu, midomo imebana. Nikapisha njia. Lakini gari la mwenyekiti lilikuwa nyuma yake.

Mwenyekiti Mokgethi, mwenye mabasi, alisimama kwa mbali, amevaa barakoa mbili. "Na huyu ndiye wa nne. Wenzake angalau walirudi mikono mitupu. Huyu kaja na mapambo."

"Mwenyekiti, yuko kwenye mila. Hawezi kujibu."

"Wale watatu nao walikuwa kwenye mila, Sista. Umeiandika kitabuni, nimesoma. Nimeiona mila yao. Ilikuwa na keki."

Uongo wa Thapelo niliuandika kwa mkono wangu, na sasa ulikuwa umeketi juu ya ukweli wa mwenzake kama kifuniko juu ya sufuria.

"Kijana," mwenyekiti alisema, sauti ikashuka, "Wandile nimeshamsimamisha. Sina kipa mwingine. Nataka uwe msafi, unanielewa? Ulikuwa nao au hukuwa nao? Neno moja."

Sakhumuzi aliinamia tawi.

"Neno moja tu, mwanangu."

Alizidi kulikumbatia.

"Kesho saa nne nina kikao na wakili wa ligi. Usipofungua mdomo hapo, sitaweza kukusaidia."

Tukamweka chumba 309, mwisho wa korido. Kabla sijafunga mlango alinipa simu yake. Kwenye kioo palikuwa na jina la mama yake. Nikaelewa, nikapiga.

"Sakhumuzi?"

"Hapana mama, ni Sista wa timu. Mwanao yuko hapa. Ana tawi."

MaNgubane, mama yake, alivuta pumzi ndefu. "Ameongea na mtu?"

"Hajaongea."

"Ahsante. Usimwache aongee. Na asiliweke tawi chini."

Kidogo kidogo akanieleza. Wiki mbili mfululizo alimwota mumewe amesimama kwenye geti la hospitali, amevaa barakoa, akiuliza njia. Wakapanga: Sakhumuzi atatoka siku ya mapumziko achukue roho, baba yake mdogo atamngojea nje ya hospitali na gari kutoka Msinga, wapokezane tawi, kijana arudi kambini kabla ya kuhesabiwa. Lakini kwenye daraja la Vaal, mpakani mwa mkoa, polisi walimgeuza yule mzee. Karatasi yake ya kuvuka mkoa ilikuwa ya mazishi, na mazishi yalikwisha.

"Aliwaambia anakwenda kuchukua roho," mama alisema. "Wakamuuliza roho imeandikwa wapi kwenye fomu."

"Na Sakhumuzi alikuwa ameshamwita baba yake."

"Ameshamwita. Ujumbe ulimkuta njiani, baba yuko mkononi. Kurudi kwetu hana karatasi. Akarudi huko kwenu, angekwenda wapi?"

"Mama, anaweza kuandika? Akaandika tu kwamba hakuwa kwenye sherehe?"

"Neno ni neno, hata likikaa kwenye karatasi." Akashusha sauti. "Sista, mume wangu alikuwa mlinzi huko Johannesburg miaka thelathini na moja. Alilinda hoteli. Hakuwahi kulala ndani ya hoteli. Ataogopa."

Jioni nilipeleka ugali na mchuzi wa watu wawili, vyombo viwili. Nikaviweka chini, nikagonga, nikarudi hatua tatu kama sheria inavyotaka. Nyuma ya mlango nilisikia sauti yake, ya chini, ya heshima.

"Baba, hapa ni chumba cha wageni. Choo kiko kushoto kwako. Dirisha halifunguki, usishtuke, halikufungwa kwa ajili yako. Hiyo ni sauti ya ndege. Zinapita kila mara. Utazizoea."

Mlango wa 307 ukafunguka kidogo. Thapelo alitoa pua.

"Msinga. Kaka, nyamaza hivyohivyo. Ukinyamaza mpaka kesho, tutasema yule kwenye video si sisi, wote tulikuwa na wewe hospitali. Watu wanaogopa mila. Hakuna atakayeadhibu mila."

"Thapelo, viatu vya Wandile vinaonekana hadi kamba."

"Viatu vyeupe viko vingi duniani, Sista."

"Rudi ndani kabla sijakufungia kwa nje."

"Gereza halina haya." Hakuufunga mlango. Alikuwa akiangalia vile vyombo viwili vya chakula. "Anampa na mzee?"

"Ndiyo."

"Bibi yangu alikufa Juni. Hospitali hiyohiyo." Alikuna mlango kwa ukucha. "Kwetu sisi hatubebi matawi. Lakini hakuna aliyekwenda hata kuchukua miwani yake."

Kisha akafunga.

Jumatatu asubuhi majibu ya vipimo yalikuja. Wote safi, hata wale wa keki. Mungu huwalinda watu gani sijui.

Kikao kilifanyika ukumbi wa chakula. Wakili wa ligi alikuwa kwenye kompyuta, amekaa nyumbani kwake, nyuma yake rafu ya vitabu. Sakhumuzi aliingia na nguo zilezile za jana. Hakuwa amelala. Alivuta kiti cha pili akakiweka kando ya chake, karibu kabisa, bega kwa bega. Mimi ninayesogeza viti hoteli nzima sikukisogeza. Aliketi, akalishikilia tawi juu ya kile kiti kitupu.

"Sakhumuzi Mchunu," mwenyekiti alisema, "jana mchana ulikuwa Tembisa?"

Wakili akaangalia saa yake. Mwenyekiti akarudia swali. Akarudia tena, akigonga meza kwa kila neno.

Sakhumuzi akageuka. Hakumgeukia mwenyekiti. Aligeukia kiti.

"Macingwane," alisema, akimwita kwa jina la sifa la ukoo wao, na sauti ilikuwa kavu kama ya mtu aliyetoka homa. "Baba, huyu ni mwenyekiti, ndiye aliyeniajiri. Ananiuliza jana nilikuwa na nani. Wewe unajua. Walinikataza kuingia wodini, nikasimama nje ya ukuta, nikakuita mara tatu. Nilikuwa mimi, na mlinzi, na mkokoteni wa mashuka. Muziki haukuwepo."

"Zungumza na mimi," mwenyekiti alisema.

"Baba, anataka nizungumze naye. Usimkasirikie. Hakulelewa vibaya, ana haraka tu."

Wakili alisogeza uso kwenye kamera. "Anaongea na nani?"

"Na baba yake," nilisema.

"Baba yake yumo chumbani humo?"

Mwenyekiti alivua kofia, akaiweka gotini. Yeye ni Mpedi wa Sekhukhune, na hata ukiwa na mabasi sitini, kuna mambo huyafanyi ukiwa na kofia.

"Imetosha," alisema. "Mtu hamdanganyi baba yake. Hukuwa nao, nimeridhika, na ligi itaridhika. Jumatano unacheza." Akapumua. "Hilo tawi Sista atakutunzia chumbani. Siku sita, mechi mbili. Halafu nenda nalo unakotaka, na basi langu nitakupa."

Alisema kwa wema. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba mlango ulifungwa kwa wema.

Sakhumuzi alikigeukia tena kiti.

"Baba, wanataka ukae hapa siku sita, ghorofa ya tatu, mimi nikidaka mipira. Wanasema Sista atakuangalia. Sista ni mtu mzuri. Lakini hakujui, na wewe humjui." Akainamisha kichwa kuelekea kiti, kama mtu anayesikiliza mwenye sauti ndogo. "Sawa, baba."

Akaliondoa tawi juu ya kiti, akalivuta kifuani kwake.

Uso wa mwenyekiti ulikunjamana. "Basi utakaa nalo humohumo. Aliyevunja kambi ni karantini siku kumi. Huchezi, na huondoki. Si ndiyo, wakili?"

"Ndiyo sheria," wakili alisema.

Siku kumi. Nilimwona Sakhumuzi akiangalia dirisha, ule mwanya wa kupitisha mkono.

"Karantini ni ya mchezaji," nilisema. Sikujua kama nilikuwa nimesimama. "Kipimo chake ni safi. Asipokuwa mchezaji wenu, ni raia mzima kama mwingine. Na fomu ya kuvuka mkoa mimi ndiye ninayeijaza hapa, naijua kama salamu. Ina sanduku la mazishi, la mizigo, la watoto, la madaktari. La roho nimelitafuta, halipo. Linalomfaa ni moja: mfanyakazi aliyeachishwa kazi, anarudi kwao."

"Sista, unanifukuzia kipa?"

"Huna kipa tangu jana, mwenyekiti. Una mtu umemfungia."

"Akitoka leo hana klabu." Alimgeukia Sakhumuzi. "Hutapata nyingine. Kila gazeti lina yule mtu wa kofia, na watasema umekimbia. Unasikia?" Kijana hakujibu, na mwenyekiti akakumbuka kwamba hatajibu. Basi akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alisogeza kiti chake, akakielekea kile kiti kitupu.

"Mzee Mchunu, samahani kukusemesha. Nina watu arobaini hapa, mpishi, dereva, wafua jezi. Timu ikishuka, wanakwenda nyumbani. Mwambie mwanao."

Machozi yalimtoka Sakhumuzi, yakaingia ndani ya barakoa. Mikono ilikuwa na kazi, hakuweza kuyafuta.

"Baba, umemsikia," alisema. "Ana haki." Akasogea ukingoni mwa kiti. "Ana haki, lakini mimi ni mtoto wako wa kwanza, na hakuna mwingine wa kukufikisha."

Akasimama.

Nilichapa barua ya kuachia mkataba na ile fomu. Mwenyekiti alitia sahihi bila kusoma. Nilipompa Sakhumuzi kalamu aliitazama, akaacha mikono yake kwenye tawi. Jina ni neno. Nikaleta kidau cha wino cha mhuri wangu, na kipa namba moja wa Rovers akaweka dole gumba, kama walivyoweka babu zake waliposhuka migodini.

Kwenye fomu kulikuwa na mahali pa idadi ya abiria. Kalamu ilisimama hapo. Polisi wa darajani angehesabu kwa macho, akikuta pungufu angemrudisha. Nikaandika mmoja. Nikaona haya, kwa sababu mwenye kuhesabiwa alikuwa amesimama mbele yangu. Chini, penye maelezo mengine, niliandika: Mwenye karatasi hii haongei. Tafadhali msimlazimishe.

Tulipotoka nje, vichwa vilikuwa vimejaa madirishani, kila kimoja nyuma ya mwanya wake.

"Msinga, unatuacha na nani?" beki mmoja aliita.

"Anatuacha na wewe, jifunze kudaka," mwingine akamjibu.

"Msaliti," alisema wa tatu, si kwa sauti kubwa. Lilifika.

Kutoka dirisha la 307 mkono mmoja ulitokeza hadi kwenye kiwiko, ukakaa hivyo tu, haupungi.

Sakhumuzi alifungua mlango wa abiria, akasubiri, akaufunga. Aliliweka tawi mapajani, mkono mmoja juu yake, mwingine kwenye usukani. Nikainua kizuizi cha geti. Alipopita karibu yangu kioo kilikuwa wazi.

"Baba, hili ni geti. Huyo ndiye Sista. Sasa tunatoka."

Nikashusha kizuizi, nikiwa upande wa ndani.

Nilikaa na simu mfukoni mchana kutwa. Chakula cha mchana nilikigawa bila kumkemea mtu. Saa saba na nusu nilikadiria yuko Vaal, nikaona polisi akimwinamia dirishani. Saa tisa nilikadiria mlima wa Van Reenen, mlango wa KwaZulu. Kwenye mazoezi ya jioni, Mpho, beki wa kati, alivaa glovu za Sakhumuzi, na mipira sita ya kwanza ilimpita yote.

Saa kumi na mbili kasoro, simu.

"Wamefika," MaNgubane alisema. "Polisi walisoma karatasi yako, wakampa njia. Tawi liko ndani, mahali pa wazee waliotangulia. Ngoja, kuna mtu."

Simu ikakwaruza.

"Sista Kene."

Sauti ile sikuwahi kuisikia ikinielekea mimi tangu Jumapili.

"Nani anadaka Jumatano?" aliuliza.

"Mpho."

Kwao mbuzi walikuwa wakilia. Kwetu ndege ilipita, vioo vikatetemeka. Alisubiri ipite, aliijua.

"Mwambie kwenye kona asing'ang'anie mstari, atoke hatua mbili. Na apige kelele muda wote, hata kama hana la kusema. Mabeki wale hawasikii mtu mpole."

"Nitamwambia."

"Leo, Sista. Kesho atakuwa na hofu, hatasikia."

Nikavaa barakoa yangu, nikapanda ghorofa ya pili kumgongea Mpho.